Mikono ya Mama Panya

Bibi alimuua panya kwa kandambili ya mguu wa kushoto, tena kwa kubahatisha, maana macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na alichokiona jikoni asubuhi ile ya Jumatatu kilikuwa kivuli tu kinachokimbia juu ya mfuko wa unga. Pigo la kwanza liliupata mfuko. La pili lilimpata panya. Unga ulitimka ukawafunika wote wawili, muuaji na marehemu, na kikongwe akabaki amesimama katikati ya jiko, mweupe kuanzia nywele mpaka kucha.

"Mkwe wangu!" aliita kwa sauti ya ushindi. "Njoo umchukue mwenzio!"

Mkwe wake alitoka chumbani akifunga kitambaa cha kichwa. Mtaani walimwita Mama Panya. Jina hilo alilipata siku walipojua kwamba kazi yake ni kulea panya weupe wa majaribio katika ile maabara ya ukuta mrefu, na jina la mtaani ni kama doa la mafuta, ukilisugua linatanuka. Asubuhi ile hakuwa ameamka vizuri. Aliinama, akamshika panya kwenye shina la mkia kwa kidole gumba na cha shahada, akamwinua, akamgeuza kidogo atazame tumbo. Ndivyo anavyowashika panya wake kazini kutwa nzima, na vidole vilivyozoea kazi havisubiri amri. Mwanamke mwingine yeyote wa mtaa ule angepiga kelele, au angetafuta ufagio na gazeti kuukuu. Yeye alimshika kwa mkono mtupu.

Halafu akaganda.

"Mungu wangu," alisema. "Nimemshika."

"Si ndicho nilichokuitia? Katupe."

"Mama, mimi siruhusiwi kumshika panya wa nyumbani."

"Unashika panya kutwa kucha," Bibi alisema akipangusa unga kwenye kope. "Huyu wa nyumbani ana nini? Hana adabu?"

Wengi hawalijui jambo hili, na ukiwaeleza wanacheka. Panya wa maabara hulelewa kwa usafi ambao hata watoto wetu hawaupati. Panya wa jikoni, kwa upande wake, hutembea na vijidudu vyake bila hata kupiga chafya. Mtu akivibeba vijidudu hivyo mkononi au kwenye nguo, akaviingiza katika chumba cha kuzalishia, panya wale weupe hawafai tena. Wakiambukizwa ile homa kali iliyowahi kupita mjini, ambayo maabara ilikuwa inaitafutia tiba, kisha wakajaribiwa dawa, hakuna atakayejua aliyekufa kafa kwa nini, wala aliyepona kapona kwa nini. Na hawakuwa panya wa kuokota. Panya wa kawaida homa ile haimfanyi kitu. Ilichukua miaka mingi kupata ukoo wa panya wanaoiugua kama anavyoiugua binadamu. Ndiyo maana sheria ya maabara ilikuwa fupi: aliyemgusa panya wa nje atoe taarifa, kisha akae nje wiki nzima. Kwa kibarua, wiki hiyo haina malipo.

Kwa hiyo mtaa ulimwogopa asije akawaletea ugonjwa kutoka maabara, na maabara ikamwogopa asije akawapelekea panya ugonjwa kutoka mtaani. Mama Panya alikuwa katikati, anashukiwa huku na huku.

Mumewe aliingia na utepe wa kupimia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, mashine yake ikiwa pale barazani, na hata mkewe alimwita Fundi.

"Kuna nini?"

"Nimeshika panya."

"Kila siku unashika panya."

"Huyu ni wa kwetu."

Fundi alielewa papo hapo, kwa sababu tangu mwezi ule uanze nyumba ile haikuwa na mazungumzo mengine. Maabara ilikuwa na nafasi moja ya ajira ya kudumu, na vibarua waliobaki kwenye kinyang'anyiro walikuwa wawili: mkewe na mwenzake wa zamu. Kamati ilikuwa inakaa Ijumaa. Mwenye ajira ana bima, bima inabeba wategemezi, na mtegemezi wa kwanza alikuwa ndiye huyu aliyejaa unga. Mganga wa macho alishasema kwamba upasuaji wenyewe si mrefu na Bibi ataona tena, ila hospitali haifanyi upasuaji kwa ahadi.

"Nani amekuona?" Fundi aliuliza.

"Wewe. Mama. Na huyu." Alimwonyesha binti yao, aliyesimama mlangoni na mswaki mdomoni, povu likimshuka kidevuni.

"Basi hakuna aliyekuona."

"Fundi!"

"Osha mikono. Osha kwa sabuni, osha kwa maji ya moto, ukitaka nitakutafutia spiriti. Na kule kwenyewe si mnaoga kabla hamjaingia? Mnavua mpaka hereni! Atabaki mdudu gani hapo?"

"Sijui. Sheria iliwekwa kwa sababu hatujui."

"Sheria! Hebu nitajie nyumba moja ya mji huu isiyo na panya. Wenzako wote wanalala nao. Umewahi kusikia hata mmoja amekaa nje wiki?"

Hakuwa amewahi kusikia. Alimtupa panya nyuma ya nyumba, akarudi akanawa mpaka viwiko.

Bibi alikuwa ameacha kujipangusa. "Hiyo wiki," aliuliza polepole, "ndiyo yenye hiyo Ijumaa?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Chai inapoa."

Mama Panya angependa agombezwe kuliko kukaribishwa chai.

* * *

Katika chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na benchi refu la saruji lililokata chumba katikati. Upande huu ulikuwa wa viatu vya nje, upande ule wa kandambili za ndani. Mtu huketi, huvua viatu, kisha huzungusha miguu juu ya benchi na kushukia upande wa pili, bila unyayo wa nje kugusa sakafu ya ndani. Baada ya hapo ni kuoga, kuvaa mavazi ya kazi, na milango miwili.

Mwenzake wa zamu alikuwa ameshavuka. Walimwita Sabuni, kwa sababu alikuwa mtu wa kunawa kila mara na hakumpa mtu mkono hata siku ya sikukuu.

"Vuka basi, shoga yangu, Daktari anatusubiri," alisema. "Leo ndiyo siku ya kuchagua watoto wa panya wa kwenda kwenye jaribio. Tukichelewa tutakiona cha moto."

Mama Panya aliketi kwenye benchi. Alivua kiatu kimoja. Alifikiria macho ya Bibi, na jinsi siku hizi anavyoipapasa meza kabla hajaweka kikombe. Kisha akamfikiria shemeji yake, mdogo wake Fundi, ambaye homa ile ilipopita mjini aliingia wodini kwa miguu yake mwenyewe. Alipewa dawa ambayo wakati huo kila mtu aliisifu, na baadaye ikaja kujulikana haikuwa inasaidia kitu. Alizikwa na watu waliojifunika nyeupe kuanzia utosini. Bibi alikatazwa kumwosha mwanawe. Waliambiwa wamuage kwa mbali, na Bibi kwa mbali haoni.

Alikivaa tena kiatu chake.

"Sivuki," alisema. "Nimeshika panya wa nyumbani asubuhi hii."

Ungedhani Sabuni angefurahi, maana mpinzani wake alikuwa amejitoa mwenyewe. Lakini alimtazama kama mtu aliyevua nguo barabarani.

"Nyamaza," alinong'ona. "Usiseme tena. Ukilisema hilo tutaulizwa wote."

"Basi tuulizwe."

Daktari, mkuu wao, alipoitwa hakutoka. Aliongea naye kupitia kidirisha cha kioo, kwa kipaza sauti kilichofanya kila neno lisikike mpaka kwenye korido, na kwenye korido mafundi wa umeme walikuwa wanabadilisha taa.

"Umemshika? Kwa mkono mtupu?"

"Kwa mkono mtupu."

"Wewe! Wewe ninayekupa wageni uwafundishe!"

"Vidole vilitangulia, Daktari."

Fundi mmoja wa umeme alicheka, mwenzake akampiga kiwiko. Daktari alikuwa mama mkavu wa maneno, asiyependa mzaha wala kilio, na kwa muda alibaki ameinamia kioo kama anayesoma kitu kilichoandikwa pale. Alipoinua uso, hasira ilikuwa imeondoka na kitu kingine kimekaa mahali pake.

"Subiri kwanza. Unajua wewe ni wa ngapi kutoa taarifa hii?"

"Sijui."

"Mimi najua. Ni wa kwanza. Tangu chumba hiki kifunguliwe." Alimgeukia Sabuni polepole. "Mji mzima una panya. Ina maana ni wafanyakazi wangu peke yao ambao hawana?"

Sabuni alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Hakuna panya atakayetoka humu leo," alisema Daktari. "Wala kesho. Mpaka niseme."

Mama Panya aliambiwa aende nyumbani na asiguse kitu. Mlinzi, ambaye kila asubuhi humtania kuhusu wajukuu zake weupe, alilifungua geti akasogea kando hatua kadhaa. "Pita tu, dada," alisema. "Pita, usishike."

* * *

Mtaani habari hutangulia mwenye habari. Jioni ileile ilishajulikana bombani kwamba Mama Panya kafukuzwa kazi. Kesho yake, kwamba kaambukizwa. Keshokutwa, kwamba panya kamng'ata. Alipofika kuteka maji, wanawake waliziondoa ndoo zao kwenye foleni, wakamwachia bomba zima kama malkia. Akajaza ndoo zake taratibu. Hakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Na ukipata homa utatuambia?" mmoja alimuuliza kutoka mbali.

"Mimi nikipata chochote ninasema," alijibu. "Ndiyo shida yangu."

Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake likiwa halijapindwa hata upindo. Fundi alilikunja bila kubisha. Hakumgombeza mkewe, ila mguu wake ulikanyaga pedali kama una kesi nayo, na usiku walilala kila mmoja akitazama ukuta wake. Bibi alizungumza habari za kawaida tu: chumvi, mvua, mguu unaouma. Mama Panya alianza kuona haya hata kumpitishia kikombe.

Ijumaa mchana alikuwa uani anaukung'uta mfuko wa unga, Sabuni alipoingia bila hodi. Alikuwa anatoka jasho.

"Umeridhika?" alisema. "Nakuuliza, umeridhika?"

"Karibu kwanza, keti."

"Siketi! Tumehojiwa mmoja mmoja kama wezi. Halafu Daktari akachukua damu ya wale walinzi." Walinzi ni panya wanaowekwa katika kila chumba kwa kazi moja tu: kupimwa, ili chumba kikiingiwa na ugonjwa ijulikane. "Wamekutwa nao. Ugonjwa wa panya wa mtaani umo mle ndani, tena si wa leo wala jana. Hujauingiza wewe. Nani kauingiza, hakuna anayejua."

Mama Panya aliuacha mfuko ukaanguka. "Chumba gani?"

"Chetu."

"Kwa hiyo..."

"Wote. Hata waliokuwa na watoto. Wamemaliza kuwaua asubuhi hii." Sauti yake ilikatika. Alikuwa mtu wa kuwapigia mluzi alipokuwa anawabadilishia maranda ya kulalia, hilo kila mtu alilijua. "Jaribio limefutwa. Nafasi ya ajira nayo imefungwa. Kamati imekaa ikazungumza habari za panya mpaka mwisho, sisi hatukutajwa. Mimi nina watoto, Mama Panya. Ile nafasi ilikuwa mkononi, kama si yangu ni yako. Sasa si ya mtu."

Alimlilia pale uani, na Mama Panya naye akalia, kwa ajili ya nafasi na kwa ajili ya panya, maana aliwalea yeye na aliwajua mama mkali ni nani na mama mzembe ni nani. Alipofuta machozi aliuliza swali moja.

"Kwako kuna panya?"

Sabuni aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Natega kila Jumapili," alisema. "Nawatoa mtegoni mwenyewe. Nanawa sana, unajua ninavyonawa. Nilidhani inatosha."

"Umewaambia?"

"Leo. Nilikuwa wa mwisho."

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Fundi alisimama kwenye mlango wa nyuma, utepe shingoni, na ilionekana kwamba alikuwa amesikia yote.

"Kwa hiyo bima hakuna," alisema.

"Hakuna, shemeji," Sabuni alijibu.

Fundi alimgeukia mkewe. "Umefurahi? Ukweli wako umemgharimu mama yangu macho yake."

Maneno hayo yalimwingia Mama Panya mpaka ndani, kwa sababu ndiyo aliyokuwa anajiambia tangu Jumatatu. Aliyejibu ni mkongojo, uliogonga kizingiti nyuma ya Fundi.

"Nipishe," alisema Bibi. Alitoka uani akipapasa ukuta, akasimama akielekeza uso mahali alipodhani mkwe wake yupo. Alikosea kidogo, alikuwa anamtazama Sabuni. "Hao panya. Wangepewa ile dawa ya homa?"

"Wiki ijayo, Mama. Wangeambukizwa homa, kisha wangepewa dawa."

"Huku wana ugonjwa wao mwingine tumboni?"

"Ndiyo."

"Halafu nyinyi mngesema nini? Inafaa, haifai?"

"Tungesema mojawapo. Na ungekuwa uongo, wala tusingejua kwamba ni uongo."

Bibi alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Mwanangu alimeza dawa ya namna hiyo," alisema. "Aliyemletea alisema imepimwa. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Nilimpikia. Mpaka leo, nikikumbuka kwamba nilimshukuru, nasikia kuungua hapa." Aligusa kifua. "Sasa hiyo dawa ya kweli itachelewa?"

"Itachelewa, Mama. Tunaanza upya."

"Kawia ufike," alisema Bibi. "Na macho yangu nayo yatakawia. Nimekaa na giza hili muda wote huo, tumeshazoeana." Kisha akageuza uso, na safari hii hakukosea. "Na wewe Fundi, usinichukue mimi ukanifanya fimbo ya kumpigia mkeo. Macho ni yangu. Nikitaka kuyalilia nitayalilia mwenyewe."

Fundi aliuvua utepe shingoni, akauzungusha mkononi, akaufungua tena. "Sikumaanisha hivyo," alisema.

"Ulimaanisha. Mwombe radhi, mgeni akiwapo, ili usijisahau."

Akamwomba radhi, mgeni akiwapo. Sabuni alijifanya anatazama bati la jirani.

* * *

Aliporudi kazini, chumba kilikuwa kitupu na kinanuka klorini mpaka macho yanawasha. Rafu zilisimama tupu, vizimba vimepinduliwa vikauke. Daktari alimkuta amesimama katikati.

"Wazazi wapya wanaletwa," alisema. "Wamesafiri mbali, watakuwa na hofu. Nataka uwapokee wewe na Sabuni. Na kuanzia sasa, anayetoa taarifa anakaa nje na analipwa wiki yake. Nimepigana nao juu ya hilo mpaka wamechoka."

"Asante, Daktari."

"Usinishukuru. Nilikuwa na sheria inayowafundisha watu kunyamaza, na nikashangaa kwamba wamenyamaza." Alisita. "Ile nafasi sitakudanganya. Mwaka huu hairudi. Na ikirudi, humo kwenye kamati kuna watu watakaokukumbuka kwa hasara, hawatakukumbuka kwa wema."

"Nitaomba tena."

"Hata hivyo?"

"Nitaomba. Wakininyima nitaomba tena. Nina mtu ananisubiri."

Masanduku yalipofika alilifungua la kwanza mwenyewe. Alimkuta mama mmoja mweupe amejikunyata pembeni, masikio yamelala. Alimshika kwenye shina la mkia kwa vidole viwili, akamwegemeza kwenye kiganja, akamhamishia kwenye kizimba kipya, kisha akachota konzi ya maranda ya zamani yenye harufu yake akamwekea pembeni asijione mgeni kabisa. Panya akainusa, akaanza kuchimba. Upande wa pili wa rafu Sabuni alikuwa ameanza kupiga mluzi.

* * *

Asubuhi moja, familia ikiwa jikoni inakunywa chai, kitu kilikwaruza chini ya meza. Bibi aliinua kichwa kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Mkwe!" alifoka. "Mikono mgongoni!"

Mama Panya aliweka kikombe chini na kufumbata mikono yake nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Binti alipanda juu ya kigoda na mswaki wake. Bibi alishaivua kandambili ya mguu wa kushoto, ameiinua juu, anasikiliza.

"Yuko wapi?"

Fundi alipiga magoti akachungulia. "Kushoto, Mama. Kushoto tena. Amesimama. Karibu na mguu wa meza, usimpige mtoto."

"Mtoto ana miguu minne?"

"Sasa, Mama!"

Kandambili ilishuka. Safari hii lilitosha pigo moja. Fundi alimfunga marehemu ndani ya gazeti, akamtoa nje, akabaki huko akinawa kwa kelele ili wote wasikie kwamba ananawa.

"Umegusa?" Bibi alimuuliza mkwe wake.

"Sijagusa, Mama."

"Hebu nione."

Mama Panya aliitoa mikono yake nyuma, akainama, akaisogeza mpaka karibu na uso wa kikongwe. Bibi aliitazama bila kuigusa. Aliutazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto, kidole baada ya kidole, kwa macho yale yasiyoona, bila haraka yoyote.

"Safi," alisema. "Nenda kazini."